Nchi zikishindana kwa kodi, wewe uliye ughaibuni unapata nini?

Wakala wa ajira akikuambia uende Dubai kwa sababu "huko hakuna kodi", hakudanganyi. Umoja wa Falme za Kiarabu haukati kodi kwenye mshahara. Muulize basi swali la pili: ukizeeka, nani atakulipa? Mgeni pale hana pensheni ya serikali. Ana kiinua mgongo cha mwajiri anapoacha kazi, na tangu 2018 analipa VAT ya asilimia 5 kwenye manunuzi mengi. Ukienda, nenda huku ukijua akiba ya uzeeni ni juu yako, na uliza mapema NSSF ya kwenu kuhusu uanachama wa hiari.

Wengi wetu tunasikia "nchi zinashindana kwa kodi" tukadhani tunashindaniwa sisi. Kinachoshindaniwa ni mtaji. Ireland ilifikisha kodi ya makampuni asilimia 12.5 mwaka 2003, na makampuni makubwa ya Marekani yakapeleka faida zao huko. Kenya nayo huyapa makampuni ya EPZ, yaani maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, miaka 10 bila kodi ya mapato. Faida huhamishwa kwa makaratasi. Muuguzi wa Manchester hawezi kuhamisha zamu yake ya usiku. Serikali iliyowasamehe wenye mtaji bado ina walimu wa kulipa, kwa hiyo inawageukia wasioweza kuhama. Mwaka 2018 Uganda iliweka kodi kwenye fedha za simu, na mwaka 2021 Tanzania ikaleta tozo za miamala. Hela uliyomtumia mama kwa matibabu inakatwa anapoitoa. Hapo ndipo mashindano haya yananiuma, na sioni namna ya kuyatetea.

Upande wa kanuni hadithi ni nzuri zaidi. Mwaka 2007 Benki Kuu ya Kenya iliiacha M-Pesa ianze bila kuwa benki, na leo hela hutumwa kwa simu kote Afrika Mashariki. Nchi ikilegeza sharti lisilo na maana, jirani yake hujifunza. Ikilegeza linalomlinda mfanyakazi au mweka akiba, jirani naye hujifunza hilo.

Sasa mambo yako. Kwanza jua wewe ni mkaazi wa wapi kikodi, maana pasipoti pekee haijibu swali hilo. Kwa sheria za Kenya na Tanzania, aliyekaa nchini siku 183 ndani ya mwaka ni mkaazi. Kinachowashtua watu ni kanuni nyingine: ukiwa na makazi ya kudumu nyumbani, hata ziara fupi ya Desemba inaweza kukufanya mkaazi wa mwaka huo. Ndiyo maana tunza tiketi na mihuri ya pasipoti.

Tofauti hiyo ni hela. Chukua nyumba ya kuishi uliyopangisha Kenya. Kwa kila shilingi 100,000 za pango, mkaazi ambaye pango lake kwa mwaka liko kati ya 288,000 na milioni 15 hulipa 7,500, yaani asilimia 7.5. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 juu kwa juu: 30,000. Usikimbilie kujiita mkaazi kwa ajili hiyo tu, kwani mkaazi huulizwa pia kuhusu mshahara wa ng'ambo. Piga hesabu ya pande zote mbili, ikibidi na mhasibu anayezijua sheria za nchi zote mbili.

Pango hilo hilo unalitangaza pia unakoishi. Kenya ina mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili na Uingereza, Canada na Ujerumani, lakini haina na Marekani. Tanzania inao na Canada, haina na Uingereza. Hata pasipo mkataba, Marekani na Uingereza kwa kawaida hukuruhusu kutoa kwenye kodi yao ile uliyokwisha kulipa nyumbani, kwa kiwango fulani. Bila risiti ya KRA au TRA huna cha kuwaonyesha.

Mwenye green card, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, ana mzigo wa ziada: Marekani humtoza kwa mapato ya dunia nzima, na akaunti za nje zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, lazima aziripoti. Na tangu Januari 2026 kutuma hela kutoka Marekani kwa pesa taslimu kuna kodi ya asilimia 1. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya huko, hutozwi kodi hiyo.

Chama chenu cha ughaibuni kikishauriwa kufungua kampuni Mauritius ili kukwepa kodi, ulizeni wakurugenzi watakaa wapi. Maamuzi yakifanyika Leicester, Uingereza inaweza kuihesabu kampuni hiyo kuwa yake na kuitoza. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliubatilisha mkataba wa kodi kati ya Kenya na Mauritius, kesi iliyofunguliwa na Tax Justice Network Africa, shirika linalotetea haki katika kodi. Anayewauzia mpango wa aina hiyo awaandikie kifungu cha sheria anachokitegemea, na mkipeleke kwa mhasibu wenu kabla ya kutoa hata senti.