Kupima sensa ya joto la injini kabla ya kununua mpya

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi na mashine ya fundi ikasoma kodi P0118 (namba ya hitilafu), wengi hukimbilia dukani kununua sensa mpya ya joto la maji. Kodi hiyo haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kwamba kompyuta ya injini imepokea volti za juu kupita kiasi kutoka katika njia ya sensa hiyo, na njia ina waya, soketi na pini zake, ambazo huharibika mara nyingi tu.

Ndani ya sensa mna kipande ambacho ukinzani wake, yaani kiasi kinavyozuia umeme, hushuka kadiri maji yanavyopata joto. Kompyuta huipelekea volti 5 kupitia kipinga kilichomo ndani yake yenyewe, kisha husoma volti zinazobaki. Injini ikiwa baridi volti huwa juu, ikipata moto hushuka, na kwa kipimo hicho huamua nozeli zimwage petroli kwa muda gani. Waya ukikatika, kompyuta huona takriban volti zote 5, kana kwamba maji yako chini kabisa ya sifuri.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Swichi ikiwa imezimwa, chomoa soketi ya sensa na uichungulie kwa tochi: ukiona ukungu wa kijani kwenye pini, huenda umeshampata mchawi, basi safisha kwanza. Kisha washa swichi bila kupiga starta na upime kati ya matundu mawili ya soketi, bila kuyatanua kwa ncha za multimita (kifaa cha kupimia volti na ukinzani). Zisipoonekana volti zinazokaribia 5, sensa mpya haitasaidia; fuata waya, ukiangalia hasa palipotafunwa na panya.

Volti zikiwepo, zima swichi, upime ukinzani wa sensa yenyewe kwa omu. Katika injini nyingi za Toyota, kwa nyuzi 20 za Selsiasi utapata omu 2,000 hadi 3,000, na kwa nyuzi 80 omu 200 hadi 400. Asubuhi ya Mombasa au Dar es Salaam huwa na joto zaidi ya nyuzi 20, hivyo tarajia namba ndogo kidogo. Rudisha soketi, endesha injini hadi ipate moto, zima, chomoa soketi, upime tena. Namba isiposhuka, au ikirukaruka unapoitikisa sensa, hapo ndipo ununue nyingine, na usiifungue ya zamani kabla injini haijapoa, kwa sababu maji ya moto hutoka kwa nguvu.

Ukishafunga mpya, futa kodi, kisha kesho yake asubuhi soma kwenye mashine joto la maji na joto la hewa inayoingia: injini ikiwa bado haijawashwa, namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana.