Somo: Gari la pori, la zamani au la kisasa? Soma kwanza, uliza baadaye

Bandugu, ninaandika hili mara moja ili nisilirudie tena simuni. Kila wiki ni lile lile: mtu ana hela kidogo, anataka gari la kutoka hapa Lubumbashi, Kongo, kufika Kasenga wakati wa mvua, au Mitwaba, au kupanda milima ya Kundelungu; anataka kulinyanyua na kulivalisha pine (tairi) kubwa, halafu ananiuliza achukue la zamani au la kisasa. Mwaka wa gari usiwe swali lako la kwanza. Jiulize kitakachokufa kitafia wapi, na huko yuko nani wa kukitengeneza.

Ninaongea zaidi Toyota kwa sababu ndizo zimejaa Lubumbashi. Mwenye Defender anajua taabu zake mwenyewe.

1. Andika njia zako kwenye karatasi. Lami ya Likasi na Kolwezi haidai gari la kujengwa. Anayekwambia inadai anakuuzia pine.

2. Chagua motere (injini) kabla ya umbo. Kuna 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo (kisukuma hewa) wala kompyuta, ilianza kutoka mwaka 1990 na utaikuta kwenye Land Cruiser za 70, 80 za kawaida na 105. Ni nzito na haina haraka mlimani, lakini fundi yeyote mzuri wa mitaa yetu ya Kenya au Katuba anaifungua, na pyesi (spea) zake ziko mjini. TD42 ya Nissan Patrol ni ya ukoo huo huo, ila pyesi utazitafuta zaidi.

Katikati kuna motere za miaka ya 90 ambazo watu wanazisifu bila kusema yote. 1HD-T ya Land Cruiser 80 ina nguvu tamu, lakini zile za mwanzo zinajulikana kwa kula kusineti za bieli (beringi za fimbo za pistoni). Kama muuzaji hana ushahidi kwamba zilibadilishwa, hesabu kazi hiyo ndani ya bei. 1KZ-TE ya Prado 90 ikichemka mara moja, kulasi (kichwa cha injini) inaweza kupasuka.

Halafu kuna za kisasa: 1KD-FTV ya Prado 120 na Hilux Vigo. Inakwenda, hainywi sana, haina kelele. Lakini inasukuma mazutu (dizeli) kwa presha ya zaidi ya baa 1,300, na matundu ya enjektere zake (vipulizia mafuta) ni membamba kiasi kwamba maji kidogo au uchafu kidogo ni hasara. Sasa jiulize: ukifika mbali, mazutu yako itatoka kituoni au kwa kadhafi (muuza mafuta wa barabarani), kwenye bidoni (dumu) lililokaa juani na mdomo umezibwa kwa kitambaa? Ukiweza kubeba mazutu yako mwenyewe, kuongeza filtri ya kutenganisha maji na kuimwaga kila jioni, chukua ya kisasa bila woga. Ukijijua ni mvivu, chukua 1HZ.

3. Lala chini uangalie ponti (ekseli) ya mbele. Land Cruiser 70, 80 na 105, na Patrol za TD42, zina ponti nzima: kuzinyanyua ni springi na amortisere (shokabso), na zikipinda unaona. Prado, 100 nyingi na Vigo zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Kwenye barabara yenye mawimbi zinakubembeleza, lakini ukizinyanyua zaidi ya sentimita 5 hivi, kadani fupi za mbele (vyuma vinavyozungusha magurudumu) zinakaa kwa pembe mbaya, vifuniko vya mpira vinachanika, vumbi linaingia.

4. Volani (usukani). Hapa soma pole pole, kwa maana hapa ndipo mimi niliumwa. Magari mengi yanayotufikia kupitia Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa yametoka Japani, volani iko kulia. Kwetu tunapita upande wa kulia, kwa hiyo mtu anakuletea gari zuri la zamani ambalo volani yake "imeshahamishwa kushoto". Kiwandani, boiti ya volani (sanduku la giya za usukani) ya Land Cruiser 80 inafungwa kwa bulonzi (bolti) zinazopenya shasi, na ndani ya shasi kuna mirija ya chuma ili bulonzi zikikazwa shasi isibonyee. Fundi wa haraka anachomelea kipande cha bati nje, anapaka rangi nyeusi, anakukabidhi ufunguo. Mjini hutasikia kitu. Kwenye mashimo, na pine kubwa zinazovuta mara mbili, ule uchomeleaji unaanza kufunguka kidogo kidogo, na siku moja unazungusha volani gari linaendelea kwenda lilikotaka.

Fanya hivi kabla ya kutoa hata dola moja. Motere ikiwaka, gari limesimama, mwambie mwenzako azungushe volani kushoto na kulia kwa nguvu. Wewe tazama boiti yenyewe, si magurudumu. Boiti ikicheza, au shasi ikipumua pale ilipofungwa, toa asante uende. Tafuta nyufa nyembamba za rangi kuizunguka. Kanyaga freni: wengine wanaacha sevo (kisaidizi cha freni) upande wa kulia na kuiunganisha na pedali kwa fimbo ndefu nyuma ya dashibodi, pedali inakuwa laini kama kanyagio la cherehani. Tazama pia vifuta kioo. Vikiwa bado ni vya kulia, mvua ya Desemba itakuachia kona ya giza mbele ya macho yako. Gari la volani kulia ambalo halijaguswa ni bora kuliko lililohamishwa vibaya, lakini uliza kwanza karatasi zake kwa DGDA (forodha) na kwa watu wa usafirishaji, kisha kumbuka kwamba utakuwa unapita malori ya Kasumbalesa kwa macho ya abiria wako.

5. Shasi: nyundo ndogo, gonga juu ya pine ya akiba na kwenye viti vya springi za nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Rangi nyeusi mbichi kwenye gari la miaka 25 ni habari mbaya.

6. Motere uikute baridi. Gusa kapo (boneti), ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi. Ikiwaka, shika mpira wa juu wa radiatere: ukikakamaa ndani ya dakika moja, kulasi ina neno. Fungua kifuniko cha oili, uone kama moshi unapuliza. Kwenye 1HZ, taa ya T-BELT (ya kukumbusha kubadilisha mkanda wa motere) kuzimwa si ushahidi wa mkanda mpya. Taa inarudishwa nyuma kwa mkono. Mkanda ni kila kilomita 100,000.

7. Namba ya shasi, iliyogongwa upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele, ilingane na karatasi. Herufi kwa herufi.

8. Theluthi moja ya pesa ibaki mfukoni. Inakwenda hivi: mkanda, oili zote pamoja na za difu, freni, radiatere, kisha pine, kisha springi. Taa za juu na winchi zinangoja.

Maswali

Dereva Ruashi: Mkubwa, nina dola 9,000, ninunue gani?

Jibu: Hatua ya 1. Hujasema unakwenda wapi.

Dereva Ruashi: Popote tu.

Jibu: Basi nunua pikipiki.

Mwana Katuba: Yaya, mimi niko na HZJ79 (pikapu ya Land Cruiser 70) ya mgodini, nimeipata kwa mnada. Kilomita ni kidogo. Fundi anataka kuiwekea turbo. Kuna ubaya gani? Wengine wanasema nzuri, wengine wanasema inaua.

Jibu: Swali zuri, ndugu. Katika 1HZ mazutu haianzi kuwaka juu ya pistoni. Inaanza kwenye chumba kidogo ndani ya kulasi, na moto unatoka kwa tundu jembamba. Mbano wake (hewa inavyobanwa ndani ya silinda) ni 22.4 kwa 1, mkubwa tayari. Turbo inaleta hewa, fundi anaongeza mazutu ili moshi mweusi upendeze, joto lote linakusanyika pale kwenye kile chumba, na kulasi inapasuka. 1HD-T ilizaliwa na turbo: mazutu inapigwa moja kwa moja juu ya pistoni na mbano ni 18.6. Ukitaka kabisa, weka presha ndogo na kipimo cha joto la moshi unachokiona ukiendesha. Bila kipimo usiiguse. Na kilomita za gari la mgodi zisikudanganye: linakaa saa nyingi motere ikiunguruma mahali pamoja, na saa hizo hazihesabiwi. Angalia waya na mabomba ya freni pia, hasa kama lilifanya kazi karibu na asidi.

Likasi Moja: Mnapenda vyuma vya kizamani tu. Prado yangu 120 imefika Pweto na kurudi, enjektere ni zile zile.

Jibu: Sikusema Prado ni mbaya. Rudia hatua ya 2, mstari wa mwisho. Wewe bila shaka unamwaga filtri yako.

Likasi Moja: Ndiyo, kila siku. Na mazutu ninabeba.

Jibu: Basi tunasema kitu kimoja, unakisema kwa hasira.

Mama Jimny: Mimi nina Jimny ya 2008, ya esensi (petroli). Wanaume wa kazini wananicheka. Naweza kuijengea?

Jibu: Waache wacheke, mama. Ina ponti nzima mbele na nyuma, ina shasi yake, ina giya ndogo, na uzito ni tani moja na kidogo. Pale Land Cruiser inapozama, wewe unapita juu ya potopoto. Usiibebeshe tu: watu wawili, maji, kriki (jeki) na ubao wa kuikalisha. Volani ikianza kutetemeka kwa nguvu ukipita shimo, anza na pine kukaa sawa, kisha beringi za juu na chini za vifundo vya mbele.

Mama Jimny: Asante sana. Na pine, nipunguze upepo kiasi gani kwenye tope?

Jibu: Pine zako hazina tubu, shuka hadi baa 1.2 na uende taratibu. Wenye 7.50R16 za tubu wasikuige: ukishusha sana, pine inazunguka juu ya janti (rimu) na kuivuta tubu, vali inang'oka.

Papa Patrol: Niongeze kitu kwa wanaopanda Kundelungu: nyasi. Ukikata njia kwenye majani marefu, mbegu zinaziba radiatere, motere inachemka, watu wanalaumu kulasi.

Jibu: Kweli kabisa, papa. Wavu wa mbu mbele ya radiatere, wa chuma ukiupata, na kuutoa na kuukung'uta kila mkisimama. Wakati wa kiangazi ingieni pia chini ya gari: majani makavu yanajibana juu ya bomba la moshi, na hapo ndipo magari yanapowaka moto.

Dereva Ruashi: Mkubwa, naenda Kasenga, mara mbili kwa mwezi, na mizigo ya samaki.

Jibu: Sasa unaongea. HZJ79 ya 1HZ, volani kushoto tangu kiwandani, na uiangalie freni ya nyuma: maji ya samaki yanakula mabomba.