Kabla hujamtoa farasi mchangani ukamkimbiza kwenye majani

Kama una farasi wa mbio hapa Nairobi, au umeajiriwa kumtunza wa mtu mwingine, soma haya kabla hujamwandikisha kwa Jumapili yoyote. Uwanja wa Ngong, ambako mbio zimefanyika tangu 1954, ni wa majani. Mazoezini farasi anaweza kumaliza wiki nzima mchangani bila kukanyaga jani hata moja. Kati ya ardhi hizo mbili ndipo miguu inapoharibikia.

Viatu kwanza. Fundi amwone kila baada ya wiki nne hadi sita, na wewe mwenyewe uguse kila msumari usiku wa kuamkia mazoezi makali. Bandeji ziwe kavu na zisikaze kupita kiasi. Maji yawe karibu. Hayo hayahitaji maelezo.

Ardhi ipime kwa miguu yako. Usimuulize mtu aliyepita jana. Chukua fimbo, tembea njia yote atakayopita farasi, na kila hatua ishirini dunga chini. Februari fimbo hugonga kama umedunga sakafu. Aprili yenyewe huzama mpaka uing'oe kwa mikono miwili. Kona iliyo chini ya miti haikauki sawa na sehemu iliyonyooka, na farasi mwenye kilo mia tano akivuka kutoka laini kwenda ngumu akiwa kwenye shoti, yaani mbio za kasi kamili, hana nafasi ya kujirekebisha.

Mchanga nao hubadilika. Waliokulia Pwani wanajua: pale wimbi lilipotoka sasa hivi unaweza kuendesha baiskeli, lakini panda juu kidogo penye mchanga mkavu, unazama mpaka kifundoni. Mchanga ni ule ule. Kwa hiyo njia yako ya mazoezi Jumatatu baada ya mvua si ile ya Alhamisi. Ukwato ukizama wote, misuli inachoka mapema na kano za nyuma ya mguu zinavutwa kuliko zinavyostahili. Ukiwa mchanga mchache juu ya ardhi ngumu, mshindo wote unaingia kwenye mfupa na maungio. Pitisha haro, chombo chenye meno cha kusawazisha mchanga, kila siku, kisha chimba kwa kidole sehemu tatu tofauti uone kina kinalingana.

Udongo mweusi ule wa upande wa Lang'ata, usiupandishie mwendo kamwe. Ukilowa unang'oa viatu, ukikauka unapasuka nyufa zinazotosha kuingiza ukwato.

Sasa lile lililonigharimu. Nilikuwa na farasi jike kijana, mwepesi, mwenye moyo. Mvua za vuli zilipoanza tulimhamishia mchangani na akakaa huko mpaka Krismasi. Pumzi yake ilikuwa nzuri ajabu: akimaliza kukimbia, dakika chache tu mbavu zimetulia, masikio mbele, anatafuta nyasi. Mimi nikaisoma pumzi hiyo kama cheti. Januari jua likawaka, majani yakakauka chini, nikampeleka moja kwa moja kwenye shoti kamili, mita 1,000. Alirudi vizuri na usiku akala chakula chake chote.

Asubuhi nikafungua bandeji, nikapitisha kiganja mbele ya muundi wa kushoto. Palikuwa na joto. Si joto la kuchoma, ni kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Nikafanya nilivyofundishwa: nikagusa mguu wa kulia nilinganishe. Nao ulikuwa na joto lile lile. Nikajiambia basi ndivyo alivyo, yote miwili sawa, hakuna tatizo. Siku nne baadaye nikamkimbiza tena palepale.

Alirudi anapiga hatua fupi fupi, kama anayetembea juu ya kokoto. Picha za daktari zikaonyesha ufa mwembamba kwenye muundi wa kushoto, na wa kulia ulikuwa njiani kufuata. Msimu wake ukaishia hapo. Saisi mmoja mzee, yaani mtunza farasi, aliyewashika farasi kabla sijazaliwa, alikuja akachuchumaa, akashika miguu yote miwili kwa pamoja, akaniuliza, "Kijana wangu, jana ilikuwaje?" Sikuwa na jibu. "Miundi huumwa yote miwili kwa wakati mmoja," akasema. "Usiulinganishe mguu na mwenzake. Ulinganishe na wa jana."

Tangu siku hiyo nina daftari. Kila asubuhi, kabla ya chakula, naandika: joto, uvimbe, amevuta mguu au hakuvuta.

Na hili ulielewe vizuri, maana ndilo linalodanganya wengi. Moyo na mapafu hukubali mazoezi ndani ya wiki chache. Mfupa hujijenga kulingana na mshindo anaoupata mnyama, na unachukua miezi. Tena kabla haujajenga upya, huondoa kwanza sehemu ya zamani, kwa hiyo kuna kipindi mazoezi yanaongezeka huku mfupa ukiwa dhaifu zaidi. Farasi wa mchangani ana mfupa wa mchangani, hata akipumua kama bingwa.

Kwa hiyo mpe wiki tatu angalau. Ya kwanza atembee na kukimbia polepole juu ya majani, mara mbili tu. Ya pili ongeza umbali, mwendo uwe ule ule. Ya tatu mruhusu kasi fupi, mita 200, kisha 400, na siku ya kupumzika katikati. Usiongeze kasi siku ile ile unayobadilisha ardhi. Mwenye farasi akikuharakisha, mwonyeshe daftari, na akikataa, mwambie akupe agizo lake kwa maandishi. Hata wenye mitambo na wataalamu huumia: Machi 2019 uwanja wa Santa Anita, California, ulisimamisha mbio baada ya farasi zaidi ya 20 kufa tangu mwisho wa Desemba, katika msimu wa mvua kubwa.

Mengine ni ya kila siku. Angalia mashimo ya fuko kwenye majani, maana jana halikuwepo na leo lipo. Okota mawe na karatasi za plastiki. Mbwa wafungwe. Joki asitoke peke yake alfajiri kukiwa na ukungu, na namba ya daktari wa mifugo iwe kwenye simu ya kila mtu pale bandani, simu yenyewe iwe na chaji. Jioni rudi umshike miguu tena, hata kama asubuhi uliikuta haina joto.