Lisome neno la Kiingereza kuanzia mkiani

Anayejiandaa na mtihani wa kuongoza watalii, awe Moshi au Arusha, hawezi kulikwepa neno "acclimatization". Usilikariri, livunje kuanzia nyuma. Ondoa -ation, rudisha ile e iliyomezwa, unapata "acclimatize". Ondoa na -ize, utaona ndani yake "climate", hali ya hewa. Kiambishi -ize, chenye asili ya Kigiriki, hutengeneza kitenzi. -Ation, cha Kilatini kilichopitia Kifaransa, hukigeuza kitenzi kuwa nomino. Ndiyo ile kazi ya mwili kuizoea hewa ya Kilimanjaro. Mgeni asiyeupa mwili muda huo anaweza kupata "altitude sickness", ugonjwa wa mwinuko, na hiyo -ness ni ya Kiingereza cha kale chenyewe: hushikishwa kwenye kivumishi, kikawa jina la hali.

Kujua asili ya kiambishi kunasaidia kutamka. Viambishi vya Kiingereza cha kale kama -ness, -less, -ful, -hood na -ship huuacha mkazo palepale ulipokuwa. Viambishi wageni wana ubabe zaidi. Wengi waliingia kwa mlango wa Kifaransa baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, na -ic, -tion na -ity kwa kawaida huuvuta mkazo hadi silabi inayowatangulia tu. Kwa "photographic" na "migration" mazoea yetu ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho yanatuokoa. Kwa -ity yanatuangusha: "activity" hukazwa kwenye tiv, wakati wengi wetu hukaza vi.

Kiambishi -less kinahitaji tahadhari. Maana yake ni "bila", si "pungufu". Mbuni ni "flightless": haruki kabisa, si kwamba anaruka kidogo. Muuza vinyago akisema kazi yake ni "priceless", ameisifu kwamba haikadiriki bei. Akisema "worthless", amemwambia mteja haina thamani yoyote, na mteja atamwamini.

Mtendaji huishia na -er: "climber", "driver". Kitenzi kikiishia na -ate, kwa kawaida andika -or, kama "operator". Mtendwa ni -ee, kutoka Kifaransa. Kwenye mkataba wa kazi "employer" ni mwajiri na "employee" mwajiriwa, kwa hiyo soma herufi ya mwisho kabla ya kusaini. Ila usikate kila -er unayoiona. Ukikata ya "porter" unabaki na "port", bandari, wakati mpagazi huyo katoka moja kwa moja kwenye Kifaransa cha kale, na mzizi wake ni wa Kilatini wenye maana ya kubeba.

Kwa wanyama, -vore ni ya Kilatini, kumeza kwa pupa: simba "carnivore", mla nyama, pundamilia "herbivore", mla majani. Ukitaka kivumishi, weka -vorous.

Tahajia: -ful ina l moja, ingawa "full" ina mbili. Y baada ya konsonanti kwa kawaida hugeuka i: "happy", "happiness". E ya mwisho isiyotamkwa kwa kawaida huanguka kiambishi kikianza na irabu, isipokuwa inapolinda sauti laini ya c au g mbele ya -able, kama "noticeable" na "manageable".

Mwisho ni -ly. Ikikaa kwenye kivumishi hutoa kielezi, "slowly". Ikikaa kwenye nomino mara nyingi hutoa kivumishi, ndiyo maana "friendly guide" ni sahihi, lakini "he spoke friendly" mtahini ataikata. Andika "in a friendly way".