Chai ya mchaichai: funika sufuria

Kwa vikombe 2, kata majani 4 mabichi ya mchaichai pamoja na shina 1 jeupe la chini. Shika taratibu, kingo zake hukata vidole kama wembe. Osha, kisha ponda shina kwa mchi. Kuponda hutoa harufu zaidi. Chemsha maji nusu lita, tia mchaichai, funika, punguza moto, acha dakika 5 hadi 10. Sufuria ikiwa wazi, mafuta yenye harufu huondoka na mvuke, unabaki na maji ya kijani tu. Majani ya kuhifadhi yaanike kivulini, jua kali huyapausha.

Wengi huinywa kwa mafua na tumbo lililojaa gesi. Homa ikipanda, nenda kapime malaria. Mjamzito asizidishe.