Kuchagua SSD Inayoendana na Kompyuta Mpakato ya Zamani

Kompyuta mpakato iliyotengenezwa miaka kumi au kumi na mitano iliyopita, ambayo bado ina kibodi nzima na skrini isiyo na doa, haistahili kutupwa kwa sababu tu inachelewa kuwaka. Kompyuta za namna hiyo ni nyingi hapa Dodoma: zimo mabwenini mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), katika steshenari za Majengo na Sabasaba, na mikononi mwa watumishi walionunua zilizokwisha kutumika ofisini nchi za nje. Ukifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kazi za kila sehemu, wakati kompyuta imekwama, mara nyingi utaona kichakataji kimepumzika ilhali diski imefika asilimia 100. Hapo ndipo penye tatizo, na hapo ndipo fedha kidogo inaweza kuleta tofauti kubwa.

Diski ngumu ya kawaida ya kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kila inapotafutwa faili, mkono wa kusomea husogea hadi mahali pake na kusubiri sahani izunguke. Safari hiyo moja huchukua zaidi ya milisekunde kumi, na mfumo endeshi unapowaka huhitaji maelfu ya safari kama hizo. SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu za kumbukumbu, haina kinachozunguka wala kinachosogea, hivyo huifikia data kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde moja au chini ya hapo. Kwa hiyo SSD ya bei nafuu iliyochaguliwa vizuri huleta karibu nafuu yote ambayo mtumiaji wa kawaida ataihisi, na ile namba kubwa ya megabaiti kwa sekunde iliyochapishwa kwenye boksi si ya kukupotezea usingizi. Linalopaswa kutangulia ni kujua kompyuta yako inapokea SSD ya umbo gani, na inazungumza nayo kwa njia gani.

Ijue kompyuta kabla ya kwenda dukani

Soma jina kamili la modeli kwenye lebo iliyo chini ya kompyuta au ndani ya sehemu ya betri. Kusema "ni HP" au "ni Dell" hakutoshi, kwa sababu EliteBook 840 G1 na EliteBook 840 G3 zinafanana kwa mbali lakini zinatofautiana kwa ndani. Kama lebo imefutika, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na utaona modeli. Katika ukurasa huohuo angalia pia sehemu ya BIOS Mode (BIOS ni programu ya bodi inayoanza kabla ya Windows) ili ujue kama kompyuta inawaka kwa UEFI, mtindo mpya zaidi, au kwa mtindo wa zamani wa Legacy. Kisha tafuta mtandaoni mwongozo wa matengenezo wa modeli hiyo, ambao HP, Dell na Lenovo huutoa bure. Mwongozo huo huonyesha namna ya kufungua kompyuta na aina za diski zilizokusudiwa kuwekwa humo, nami huuamini kuliko maelezo ya muuzaji yeyote.

Kompyuta nyingi za kipindi hicho zina nafasi ya diski ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, njia ya kawaida ya kuunganisha diski, na hapo kazi huwa nyepesi. Kinachoweza kukukwaza ni unene. SSD za inchi 2.5 za siku hizi karibu zote zina unene wa milimita 7, wakati diski ngumu nyingi za zamani zina milimita 9.5. SSD nyembamba huingia katika nafasi nene bila shida, ila inaweza kucheza; tumia fremu ya chuma na mipira iliyoshika diski ya zamani, au ongeza kipande cha plastiki ambacho baadhi ya watengenezaji hukiweka ndani ya boksi. Kinyume chake hakiwezekani: ThinkPad X220 na X230, kwa mfano, zimeachiwa milimita 7 tu.

Kiunganishi cha SATA kina vizazi vitatu vinavyopokeana. SSD ya SATA III iliyowekwa katika kompyuta ya SATA II itafanya kazi, lakini itasoma kwa takriban megabaiti 280 kwa sekunde badala ya 550. Usiikatae kompyuta kwa sababu hiyo. Muda wa kutafuta faili unabaki mfupi vilevile, na katika kazi za Word, Excel na kivinjari ni vigumu kuitambua tofauti hiyo. Ninachokishauri ni kutolipa zaidi kwa SSD ya kifahari ambayo kasi yake itaishia mlangoni.

Baadhi ya kompyuta za miaka ya 2011 hadi 2013 zina pia sloti ndogo ya mSATA, yenye kadi ya ukubwa wa takriban milimita 30 kwa 51. Katika ThinkPad T420 na X220 sloti hiyo ni ya SATA II. Kadi za mSATA zimekuwa adimu, kwa hiyo ikiwa nafasi ya inchi 2.5 ipo, itumie hiyo.

Mtego wa M.2

M.2 ndiyo inayowapotosha wengi, kwa kuwa jina hilo linataja umbo la kadi na sloti pekee, halitaji njia ya mawasiliano. Kadi mbili za M.2 zinaweza kulingana kwa upana na urefu, moja ikawa ya SATA na nyingine ikawa ya NVMe, njia mpya zaidi inayopitia PCIe, yaani njia ya bodi ya kuunganishia kadi za kasi. Mteja huuliza kama kompyuta yake ina M.2, hujibiwa kuwa inayo, hununua NVMe kwa sababu ameambiwa ina kasi zaidi, kisha kadi inaingia, skrubu inafungwa, na kompyuta haioni kitu. Kadi haijaharibika na fundi hajakosea kuifunga. Sloti hiyo ilitengenezewa SATA tu. Hali ya kinyume nayo ipo, ambapo sloti ni ya NVMe pekee na kadi ya M.2 ya SATA haitambuliwi.

Mikato kwenye ukingo wa kadi husaidia kwa kiasi. Kadi yenye mikato miwili kwa kawaida ni ya SATA, na yenye mkato mmoja wa upande uitwao M kwa kawaida ni ya NVMe, lakini zipo NVMe zenye mikato miwili. Kwa sababu hiyo soma maandishi ya kadi yenyewe, na uyalinganishe na mwongozo wa kompyuta. Angalia pia urefu: 2242 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 42, na 2280 ni urefu wa milimita 80. Kadi ndefu haiwezi kukunjwa, na kadi fupi huhitaji tundu la skrubu katika umbali wake.

Hata pale sloti inapobeba PCIe, BIOS ya zamani inaweza kushindwa kuwasha mfumo endeshi kutoka kwenye NVMe. Ukiona kompyuta yako inawaka kwa Legacy tu na haina chaguo la UEFI, achana na NVMe moja kwa moja. Na usidanganywe na kasha la kugeuza kadi ya M.2 iwe ya inchi 2.5, kwa kuwa makasha hayo ya SATA hupokea kadi ya M.2 ya SATA na si NVMe.

Wenye kompyuta za Apple wana hesabu yao. MacBook Pro ya inchi 13 ya katikati ya 2012, ile isiyo ya Retina, hupokea SSD ya kawaida ya inchi 2.5. MacBook Air za 2010 hadi 2017 hutumia kiunganishi cha Apple chenyewe, na kuanzia ile ya 2018 hifadhi imechomelewa kwenye bodi. Kompyuta ndogo za bei ya chini zenye eMMC, yaani hifadhi ya chipu kama ya simu, nazo hifadhi yake imechomelewa. Baadhi zina nafasi ya ziada ya M.2, nyingine hazina, na kama haipo basi hakuna cha kununua.

Ukubwa na ubora

SSD ya gigabaiti 120 au 128 hujaa mapema, na SSD iliyojaa hupungua kasi. Kwa kazi za ofisi na masomo chukua 240 au 256. Kwa anayehifadhi picha, video au michoro, 480 hadi 512. Usishangae ukiona Windows inaandika 238 kwa SSD ya 256, kwani ni tofauti ya namna ya kuhesabu na wala hujapunjwa.

Kati ya chembe za kuhifadhia data za TLC (biti tatu kwa chembe) na QLC (biti nne), chagua TLC kama bei hazijapishana sana, kwa kuwa QLC hulegea unaponakili faili kubwa na kache yake, sehemu ya haraka ya kupokelea data, ikajaa. Kuhusu uhai, watengenezaji hutaja kiasi cha data kinachoweza kuandikwa ndani ya waranti. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 250, kwa mfano, imepewa terabaiti 150 au miaka 5, kimoja kitakachotangulia. Anayeandika gigabaiti 20 kila siku angehitaji takriban miaka 20 kufikisha kiasi hicho, kwa hiyo hofu kwamba SSD "inaisha" haina msingi kwa mtumiaji wa kawaida. Hofu yenye msingi ni ya SSD bandia. Yapo makasha ya inchi 2.5 ambayo ndani yake kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofanywa ijitangaze kuwa na terabaiti kadhaa. Bei iliyo chini mno kwa ukubwa uliotajwa ndiyo dalili ya kwanza.

Ikiwezekana nenda dukani na kompyuta yenyewe, au diski ya zamani ikiwa imetolewa, badala ya kuagiza Kariakoo kwa maelezo ya simu. Mzigo hufika haraka kwa basi, lakini kurudisha kadi ya umbo lisilofaa ni gharama na mabishano. Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi) yenye jina la bidhaa, kwa sababu waranti isiyo na risiti ni ahadi ya mdomo.

Kabla na baada ya kufunga

Ukiwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 4, iongeze hadi 8 kama bodi inaruhusu, maana SSD hupunguza adha ya RAM ndogo lakini haiiondoi. Jambo la pili ni betri. Wengi hutumia kompyuta ya zamani ikiwa imechomekwa ukutani huku betri yake imekufa, na umeme ukikatika kompyuta huzima papo hapo. SSD za kawaida hazina akiba ya umeme ya kumalizia kuandika data iliyokuwa njiani, hivyo faili, na mara nyingine SSD nzima, inaweza kuathirika. Betri nzima, au UPS kwa steshenari, iwe sehemu ya bajeti hiyohiyo.

Nakili nyaraka zako kwingine kabla ya kugusa bisibisi, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaosimba data, hakikisha unao ufunguo wake na uizime BitLocker hiyo kwanza. Unaweza kuhamisha kila kitu kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski, kwa kutumia waya wa USB wa kuunganisha SATA, mradi SSD si ndogo kuliko diski ya zamani. Hata hivyo, kompyuta iliyojaa programu za miaka mingi ni afadhali iwekewe mfumo endeshi upya. Fahamu kwamba msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na SSD haiifanyi kompyuta isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama) ikubalike rasmi katika Windows 11. Kwa mashine kama hiyo, Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, ni chaguo la kweli.

Katika BIOS, weka SATA katika hali ya AHCI, namna ya mawasiliano inayoifaa SSD, kabla ya kusakinisha. Toa chaja na betri, na kwa kuwa kiangazi cha Dodoma ni kikavu na umeme tuli hujikusanya mwilini kwa urahisi, gusa chuma kabla ya kushika kadi. Ukiwa umeshafungua, safisha na vumbi la feni kwa brashi laini. Kama ungependa kubaki na diski ya zamani, iweke mahali pa DVD kwa fremu ya unene unaofaa, milimita 9.5 au 12.7, na SSD iwe katika nafasi kuu, kwani sloti ya DVD katika baadhi ya kompyuta ni ya kizazi cha chini.

Kompyuta ikishawaka, fungua programu ya CrystalDiskInfo usome hali ya mawasiliano: SATA/600 ni SATA III na SATA/300 ni SATA II. Halafu, kabla hujajaza faili zako, endesha programu ya H2testw kwenye nafasi iliyo wazi ili iandike na kusoma data hadi mwisho. Jaribio hilo huchukua muda, lakini lifanye ndani ya siku ambazo duka bado linakubali kubadilisha, na makosa yoyote yakionekana rudisha SSD pamoja na risiti.