Kumi kumi kwa Kiingereza: namna ya kutumia “each”

Wageni wanne wanauliza nauli ya boti ya kwenda kisiwa cha Changuu, Zanzibar. Nahodha anajibu: “Forty dollars.” Ya boti nzima, au ya kila kichwa? Kiswahili hakina taabu hapa. Ukirudia hesabu, “kumi kumi”, ugomvi umekwisha. Kiingereza hakirudii hesabu. Kazi hiyo kinaipa “each”.

Kwenye bei, “each” hukaa mwisho, baada ya hesabu: “Ten dollars each.” Usianze nayo ukasema “each ten dollars”. Na kitu kikiwa kimoja, haiingii kabisa. “The boat is forty dollars each” inamchanganya mgeni, maana boti ni moja tu. Sema “forty dollars for the boat” au “ten dollars each”. Kwenye ubao wa bei “per person” inatosha, usiongeze “each” juu yake. Pale Forodhani, mishikaki mitatu kwa “two thousand each” ni elfu sita. Ukiiacha “each”, mgeni atatoa elfu mbili kwa yote mitatu, na hana kosa. (Papasi wengine, wale wanaowafuata watalii mitaani kuwauzia huduma, huisahau makusudi.)

Mbele ya jina, “each” inakwenda kama “kila”: jina la umoja, kitenzi cha umoja. “Each passenger has a life jacket.” Wengi hawakosei hapa. Wanaponaswa ni kwenye “of”: “Each of the passengers has a life jacket.” Jina limekuwa la wingi, lakini kitenzi bado kinaifuata “each”. Watu huandika “have” kwa kuwa “passengers” limekaa jirani na kitenzi. Na baada ya “of” lazima pawe na “the”, “these”, “my” na mfano wake, au “us”, “you”, “them”. “Each of passengers” ni kosa.

Ukiiweka baada ya mtenda, mambo yanageuka: “They each have a life jacket.” Sasa kitenzi kinamfuata “they”, yaani wingi. Pakiwa na kitenzi kisaidizi, “each” inaingia nyuma yake: “They have each paid.” Mahali hapa ni pa thamani kwa anayeandika hesabu za safari, kwa sababu “They paid ten dollars” yaweza kusomwa kuwa kumi ya wote kwa pamoja.

Kinachosumbua zaidi ni “every”, kwa kuwa “kila” yetu inazibeba zote mbili. “Each” huwatazama mmoja mmoja, “every” huwatazama wote kama kundi. Mara nyingi yoyote itafaa. Vikiwa viwili tu, tumia “each”: “henna on each hand”, kamwe si “every hand” kwa mikono miwili ya bibi harusi. Kwa vipindi ni kinyume: kila siku mbili ni “every two days”. Karibu kila mgeni ni “almost every guest”, si “almost each”. Tena “every” haisimami peke yake. “Each costs a dollar” ni sawa. “Every costs” haipo, inadai jina au “one” baada yake.

Kukanusha, iache. Usiseme “each guest didn’t come”. Hakuja hata mmoja ni “none of the guests came”, na wakiwa wawili, “neither of them came”.

“Each other” ni jambo jingine: ni ile “-ana” ya kupendana na kusaidiana. “They paid each other” maana yake walilipana. “They each paid”, kila mmoja alilipa.

Kwenye fomu ya hoteli, andika “Each guest must show their passport.” Walimu wa zamani walitaka “his or her”, lakini “their” imekubalika na inasomeka vizuri zaidi.